Kwa Mdogo Wangu Revo, Kuhusu Rimu na Lile Daraja

Mdogo wangu Revo,

Sijui barua hii niitume wapi, ndiyo maana naiandika hadharani, kila mtu aisome. Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka Murukulazo, siku ya pili baada ya kuanua matanga ya mama. Uliweka ufunguo wa gari dirishani, ukaenda zako kwa miguu. Nilikuona. Nilikuwa nimesimama karibu na banda, nikajifanya nafunga kamba ya mbuzi. Huu ni mwaka wa pili sasa.

Na kuna sababu nyingine. Ulisingiziwa mbele ya watu, na aliyekusingizia ni mimi kaka yako. Haitoshi nikuombe radhi pembeni.

Nianzie kwenye daraja, maana pale tulikuwa bado watu wazuri. Unakumbuka mvua ilivyosomba magogo ya zamani kule bondeni, wanaume wa kitongoji wakaleta mbao mbili pana, kila moja ya kupitisha matairi ya upande mmoja, katikati pabaki wazi. Wengine walitaka kukisia. Wewe ukasema hapana, tupime kwa gari lenyewe, kwa kuwa linalopita pale ni moja tu, hardtop tuliyoachiwa na baba. Ukalisogeza hadi ukingoni, ukalala kwenye tope, ukavuta kamba ya mgomba toka tairi hadi tairi na kufunga mafundo. Mbao zikagongelewa kwa kufuata mafundo yale, tairi likae katikati ya ubao na kiganja kimoja kibaki kila upande. Mama akaja na sufuria la ndizi na maharage. Alivuka wa kwanza, akacheka, akasema kwa Kihangaza kwamba sasa hata akiugua hatabebwa kwa machela. Tukala palepale, mikono imejaa tope.

Halafu nikaja mimi na rimu zangu.

Niliziona Kabanga, kwenye gari la mfanyabiashara aliyekuwa anasubiri kuvuka mpaka. Pana, nyeusi, zimezama katikati kama bakuli, matairi yametokeza nje ya madigadi. Nililizunguka gari lile mara tatu. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, Revo, nikaingiwa na tamaa ya kitoto. Nilitaka nikipita Kibimba watu waache majembe yao waseme, yule anakuja. Nikaulizia, nikapata za namna ile kwa muuzaji mmoja hapohapo, na swali nililomuuliza lilikuwa moja tu: matundu ni sita? Akasema sita. Mimi kwangu rimu ilikuwa ni matundu. Zikiingia kwenye stadi, zile skrubu za kushikia tairi, na nati zikakaza, imekwisha hiyo. Zile za zamani nikamwachia yeye.

Wewe hukuzisifu. Ulichuchumaa, ukapitisha mkono kwenye tairi, ukauliza, "Kaka, mbona zimetoka nje hivi?" Nikakujibu kwamba gari la porini ndivyo linavyotakiwa, litanue miguu lisipinduke. Nilijibu kwa sauti ya mtu anayejua. Baada ya wiki ukanijia tena: "Kaka, usukani umekuwa mzito. Tairi likigusa korongo, gari linanivuta. Turudishe zile za mwanzo." Za mwanzo zilishavuka kwenda Burundi. Badala ya kukuambia hivyo, nikakuambia umezoea gari la kizee, jifunze. Ukachukua ufunguo ukaenda kuliwasha, kama ulivyonitii tangu utoto wetu.

Siku ile ulikuwa unampeleka mama hospitali kupimwa presha. Alikuwa mzima, amevaa kitenge chake cha kwendea misa, ameketi mbele. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Pale darajani gari liliangukia bondeni kwa upande aliokaa yeye. Mama aliishi siku tatu.

Kwenye kikao cha ukoo, baba mdogo aliuliza imekuwaje dereva aliyelipima daraja kwa mikono yake akashindwa kulivuka. Ukasema, "Gari lilinivuta." Ulikuwa na bandeji kichwani, ukanitazama mimi. Baba mdogo naye akanigeukia: "Wewe mkubwa, unasemaje?"

Nikasema, "Revo huwa ana mwendo."

Hujawahi kuwa na mwendo maishani mwako. Wewe ndiye unayesimama barabarani kusubiri bata wa watu amalize kuvuka. Kila aliyekuwa pale analijua hilo, lakini kaka mkubwa ameshasema, nani ambishie? Shangazi akaanza kulia kwa sauti, akakuita muuaji wa mama yako mzazi. Sikumkatiza. Nilitazama chini nikaona viatu vyangu vina tope, nikaanza kuvifuta.

Utauliza kama nilijua. Nilihisi, Revo. Nilihisi, nikachagua kutojua, na huo ndio ubaya wangu wote.

Mwaka jana, gari likiwa limeshatolewa bondeni na kunyooshwa, nililipeleka Biharamulo, beringi za mbele zilikuwa zinalia. Fundi, mtu wa rika langu asiye na subira hata kidogo, alifungua tairi la kwanza tu akauliza, "Mzee, hizi rimu nani alikuchagulia?" Nikasema mimi. "Uliangalia ofseti?" Neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia.

Akailaza rimu chini, akaweka ubao ulionyooka juu yake, akapima upana na kutia alama ya chaki katikati. Kisha akagusa uso wa chuma wenye matundu, ule unaobana kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Akasema umbali kati ya uso ule na mstari wa katikati ndiyo ofseti. Uso ukikaa upande wa nje wa mstari, tairi linaingia ndani, chini ya gari, na namba yake ni ya kujumlisha. Ukikaa upande wa ndani, tairi linasukumwa nje, na namba ni ya kutoa. Namba yenyewe, ya milimita, imegongwa kwenye rimu. Akafuta tope kwa kidole gumba, nikaisoma: kutoa thelathini. "Zilizokuja na gari hili zilikuwa kujumlisha arobaini," akasema. "Piga hesabu mwenyewe."

Sentimita saba, kila upande. Miezi yote ile namba ilikuwa palepale, chini ya tope, na mimi nilihesabu matundu.

Hakuishia hapo. Alisema tairi likikaa mbali na habu kiasi kile, kila jiwe na kila korongo vinapata nguvu ya kupokonya usukani mikononi mwa dereva, na beringi zinabeba mzigo usio wao. "Dereva wako lazima alikuambia gari linavuta," akasema. Nikakaa juu ya tairi. Akadhani presha imepanda, akaniletea maji.

Niliporudi nilienda bondeni na futi. Kile kiganja ulichokiacha upande wa nje wa ubao kilikuwa sentimita nane. Toa saba. Iliyobaki moja imemezwa na tairi langu pana. Ina maana ulikuwa unampitisha mama juu ya ukingo, na ubao ulipolowa ukapasuka kuanzia ukingoni. Siku za jua ulivuka hivyohivyo, sijui kwa moyo gani. Pengine uliona, na ndiyo maana ulinisihi. Nilisimama pale hadi watu wakaanza kuniuliza nimepoteza nini.

Ukoo nimekwisha uambia. Niliwaita wote, nikaeleza, nikachora mpaka rimu kwenye udongo kwa kijiti. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa unatusumbua nini? Mtoto ameshaondoka." Shangazi aliingia jikoni hakutoka tena. Nilidhani nikishasema nitapumua. Sijapumua.

Nimekutafuta. Kabanga nimewauliza wabadilisha fedha na makondakta wa mabasi mpaka wananikwepa. Kondakta mmoja aliniambia alikuona stendi ya Biharamulo unasukuma toroli la mizigo. Kulikuwa na mtu anatafuta dereva wa gari kama letu, akakuita. Ukamjibu kwamba hujui kuendesha. Nilikwenda siku hiyohiyo, nikaambiwa umehama, hakuna anayejua ulikoelekea. Jibu lako lile linanitafuna kuliko yote. Baba alikufundisha ukiwa mdogo, miguu yako haijafika vizuri kwenye klachi, na ulikuwa dereva bora kuliko yeye, bora kuliko mimi mara kumi.

Gari nimelipandisha juu ya mawe. Rimu ziko stoo, siwezi kumuuzia mtu. Jumapili kwenye misa tukifika pale pa kupiga kifua na kusema nimekosa mimi, napiga kama wengine, narudi nyumbani vilevile nilivyotoka. Watu wananisalimia shikamoo, nami naitikia marahaba, na kila mara naona naiba heshima ya mtu mwingine.

Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Wala sikuambii urudi, maana aliyebaki hapa ni mimi tu. Ila yale niliyopaswa kuyasema siku ile, wewe ukiwa umekaa pale na bandeji yako, nayasema leo kila mtu akisikia: Revo hakuwa na mwendo. Revo alinionya. Revo hakumuua mama.

Basi kaa salama, kama huko uliko kuna usalama. Jina la kaka nimelipoteza kwenye kile kikao, siwezi kulitia sahihi hapa. Naweka lile moja ambalo wala wewe wala mimi hatuwezi kulifuta,

Wa tumbo moja nawe.