Nilivyokwenda Msibani Bila Kuitwa

Jumapili, Yiwu, Uchina. Mvua haijakatika tangu juzi, nguo hazikauki, lakini moyo wangu umetulia kuliko nilivyotegemea.

Nianze na Alhamisi. Alhamisi asubuhi Mzee Lin alifariki. Ndiye mwenye nyumba wangu: yeye na mkewe wanakaa ghorofa ya tatu, mimi nimepanga kwao ghorofa ya nne, mwaka wa tisa huu. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na binti yao Mei, anayefanya kazi Shanghai, ameshasema mara kadhaa kwamba hiyo nyumba ya juu bora iuzwe. Mzee ndiye aliyekuwa anamkatalia. Sasa mzee hayupo.

Kwa hiyo nilijua fika. Nikikosea kidogo tu mbele ya huyo binti, nafungasha.

Mwansa akanipigia. Mwansa ni Mzambia wa Nakonde, mimi Tunduma ndiko nilikoanzia biashara; kule tulitenganishwa na geti la mpaka, huku tunatenganishwa na vituo viwili vya basi. "Bamayo, mama yangu, tulia kwako," akaniambia. "Hawa hawaendi msibani bila kuitwa. Wataona umewapelekea mkosi, na nyumba utaikosa."

Alisema kweli. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaanza kutafuta kitenge.

Jamani, ningefanyaje? Nimelelewa Ibaba, milimani Ileje, ambako ukisikia kilio unaacha jembe hapohapo shambani. Huulizi kama umealikwa. Wanawake wanafunga vitenge, wanabeba kuni na unga, wanakwenda kukaa chini na mfiwa. Asiyetokea anakumbukwa, na siku yake ikifika atajua.

Na kuna jambo sijawahi kuliandika humu.

Mwaka nilipofika Yiwu, majirani walikuwa wananiuliza, "Umekula?" Kumbe ni salamu tu, kama sisi na habari za asubuhi. Lakini kwetu anayekuuliza hivyo ana chakula ndani! Mimi nikawa najibu "bado", halafu nasimama nangoja. Watu walicheka mpaka basi. Mzee Lin peke yake hakucheka. Aliingia jikoni kwake akatoka na bakuli la tambi, akanipa palepale kwenye ngazi.

Miaka ilikwenda. Baba yangu akafariki wakati mipaka imefungwa na ndege hakuna. Nilimzika kwa simu. Kaka aliishika makaburini, mtandao ukawa unakatika, nikasikia wimbo nusu nusu, basi. Nililia humu ndani peke yangu kutwa nzima. Jioni nilipofungua mlango nilimkuta Mzee Lin amekaa kwenye ngazi, anavuta sigara, na chini ana vipisi vitano. Sijui nani alimwambia. Labda alinisikia tu. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akashuka kuleta tambi.

Sasa huyo mtu afe, mimi nikae juu nakunywa chai?

Nikashuka. Na hapa niungame, maana nilifanya kituko. Miaka tisa nipo Uchina, naijua nyekundu kuwa ni rangi yao ya harusi na ya sherehe, hata mtoto mdogo anaijua. Lakini siku ya msiba mikono yangu ilifunga kitenge kama ilivyozoea, akili haikushirikishwa. Naingia sebuleni kwa marehemu, shangazi mmoja anashtuka, wote wananitazama kiunoni. Kitenge chote maua mekundu!

Weee! Nilitamani sakafu ipasuke. Nikakifungua mbele ya watu, nikakikunja, nikakaa chini ukutani, nikakikalia.

Mei, ameshafika kutoka Shanghai, akanisogelea. Hakupandisha sauti. "Mambo ya mkataba si leo," akasema.

Hilo ndilo lililonichoma. Rangi ni kosa, nalikubali. Lakini kunidhania kwamba nimekuja kudai nyumba wakati baba yake hajazikwa! Na Kichina changu ni cha sokoni. Naweza kumkaba muuza mabegi ya shule mpaka aombe maji; maneno ya pole sina. Nikajikuta nalia. Nililia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, nikimwita mzee, na katikati nikawa namwita na baba.



Bibi Lin alikuwa kwenye kiti tangu asubuhi, macho makavu. Alinitazama. Halafu akashuka kwenye kiti, yule bibi mwenye magoti mabovu, akaja kukaa chini pembeni yangu. Akalia. Mei akabaki amesimama na glasi ya maji mkononi, hajui ampe nani.

Ijumaa nikashuka tena, nimevaa nyeusi. Nikaosha vyombo, nikamenya vitunguu. Jana vilevile. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza. Mbele yangu Mei alikuwa anawapokea waombolezaji, kila mgeni anambandika ua dogo jeupe kifuani. Kitambaa cheusi cha kufunga mkononi walivaa wenye msiba tu: bibi, yeye Mei, shangazi na wajukuu.

Leo mchana Mei amepanda hadi mlangoni kwangu. Amesema bila kuzunguka: mama yake anahamia naye Shanghai, nyumba zote mbili zinauzwa, nimeongezewa mwezi mmoja nijipange. Nikasema sawa. Inaniuma, sitasema uongo. Ukuta wa jikoni nimeupaka rangi kwa mkono wangu. Lakini mimi niliteremka katika mji huu na begi moja, sijui hata kusoma kibao cha choo. Chumba nitapata. Mwansa ameshaanza kuulizia mtaani kwake, ingawa kwanza alinisema nusu saa.

Nikadhani Mei amemaliza. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pini na kitambaa cheusi.

"Mama amekushonea," akasema. Akanishika mkono wa kushoto, akakifunga mwenyewe, polepole, pini isinichome.

Kesho alfajiri saa kumi na moja magari yanatoka getini kwenda mazishini. Wageni watapanda basi la nyuma. Mimi nimeambiwa nipande la mbele, na bibi.