Bakuli la Kolumba

Tanga, nyumbani kwa dada yako Eusebia

Mwanangu Gaudensi,

Marahaba. Shikamoo yako niliipokea pamoja na barua, na yale maharage aliyoyabeba Sista yalifika bila mfuko kutoboka. Natumaini wewe ni mzima, mkwe wangu Theopista amerudiwa na nguvu baada ya kujifungua, na huyo mgeni wetu mdogo ananyonya vizuri. Yordani je, bado anakula udongo? Msimpige. Hata wewe uliula, na ukakua.

Mimi si mzima. Nalisema mapema ili nisilazimike kulirudia. Miguu imevimba, na daktari anasema moyo umechoka. Nilimwuliza kama ni suala la miezi au wiki, akaniambia, "Bibi, tumwachie Mungu." Nikamwambia nimefundisha sayansi maisha yangu yote, basi azungumze nami kama mtu aliyesoma. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Nikaelewa. Mkono unatetemeka, utaona mistari inapanda na kushuka kama njia ya kuja Maguu, lakini akili ninayo yote. Eusebia alitaka niseme, yeye aandike. Nilikataa. Utaona kwa nini.

Hapa wananiita Bibi wa Bara. Kila chakula kina nazi, hata maharage yako wameyatia nazi, nikala kwa adabu tu. Bahari walinipeleka kuiona mara moja. Niliionja, nikaitema. Maji mengi namna ile na huwezi kuyapikia uji. Ziwa letu ni bora zaidi, na nimewaambia hivyo wenyeji wenyewe, wakanicheka.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeniandikia kwamba Mama Mdogo Kolumba alikuja kumwona mzazi, ameleta bakuli la uji wa ulezi, na wewe ukamwamuru Theopista awamwagie nguruwe huku mwenye uji akitazama. Umeandika, na naona ulikuwa unajivuna, "Mama, nilikumbuka jinsi Baba Mdogo Damiani alivyoliua shamba la baba. Bakuli nililirusha nje ya uwanja." Nimelisoma jambo hilo siku tatu. Eusebia alidhani nalia kwa maumivu ya miguu.

Gaudensi, Damiani hakuiua mibuni ya baba yako. Niliiua mimi.

Kaa chini. Kama hujaelewa rudia hapo juu, kisha uendelee.

Ulikuwa darasa la tano, Eusebia la pili, na Bonifasi alikuwa bado anajifunza kufunga vifungo. Unajua niliolewa nikiwa na umri ambao wenzangu wana wajukuu, kwa hiyo nilikuwa mama mzee mwenye watoto wadogo. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kulipa, watu wana stakabadhi sandukuni badala ya fedha. Ndipo wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, wakapanda milima yetu kila mmoja na mizani yake. Yule wa kwetu tulimwita Mizani, jina lake halisi wengi hawakulijua. Baba yako alichukua kwake dawa ya kupulizia kahawa. Halafu akachukua mabati. Halafu fedha za hospitali ulipougua wewe.

Mizani hakungoja mavuno. Alikuja kahawa ikiwa maua, akatembea shambani mikono nyuma, akaandika bei yake. Wakati wa kuchuma alichukua kila kitu kwa bei ile ile ya maua, na deni lililobaki likavuka kwenda kwenye maua mengine. Msimu wa kwanza tuliuita msaada. Wa pili tukauita bahati mbaya. Wa tatu sikuwa na jina. Hata mshahara wangu, ulipofika kwa kuchelewa, ulimkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi ya shule. Wanafunzi walikuwa wakimwamkia kama mwalimu mwenzetu.

Nilimwambia baba yako, "Kosmas, tuing'oe mibuni ya bondeni, tulime ngolo. Maharage tunakula, na yanayobaki tunauza wenyewe."

Akacheka. "Mama Gaude, ile mibuni aliipanda baba yangu. Utamng'oa baba yangu?"

Na sheria ndogo za wilaya zilikataza kung'oa kahawa. Tena kahawa ni ya mwanamume. Mke analima ngolo, yale mashimo ya maharage na mahindi, kwenye kahawa anachuma tu na kubeba. Shemeji zangu waliposikia neno langu walisema mbele yangu, "Mnyasa anajua samaki. Mbuni aliuonea wapi, ziwani?" Wakacheka sana. Kwa kuwa walinidharau hawakunitazama tena, na mimi nikaona faida ya jambo hilo.

Nisingefanya lolote kama si siku ile Mizani alipokuja akasema, "Mzee Kosmas, maua ya mwaka huu hayatoshi. Tuandike na ya mwaka ujao, na ya mwaka wa tatu." Baba yako akatia sahihi. Aliuza maua ambayo Mungu mwenyewe alikuwa hajayaumba. Bonifasi alikuwa amepakatwa mapajani mwake, anachezea kofia ya Mizani. Nilimtazama mtoto yule nikajua kwamba yeye naye ameandikwa.

Unakumbuka somo la mkaratusi nyuma ya choo cha shule? Niliwafundisha kwamba chakula cha mti hushuka kutoka majanini kwa njia ya gamba, na ukilimenya gamba kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa taratibu. Mliumenya mkaratusi, ukakauka, ukaandika kwenye daftari lako nami nikakupa vema. Basi nililitumia somo langu mwenyewe. Jumapili nne nilisema miguu inaniuma, siwezi kwenda misa. (Mungu naye ana utani wake. Sasa inauma kweli.) Kijiji chote kikiwa kanisani, nilishuka bondeni na kisu changu cha kupaa samaki. Nilifukua matandazo, nikamenya shina upana wa kiganja, nikafukia. Mmoja, halafu wa pili, halafu unaofuata. Mlipotoka misa mlinikuta jikoni.

Majani yaligeuka manjano, buni zikasinyaa. Bwana shamba alikuja, akafukua, akaona gamba limeliwa, akasema ni bungua, yule mdudu wa shina. Ningemshukuru kama mambo yangeishia hapo. Lakini mibuni ya Damiani, ng'ambo ya mfereji, ilikuwa kijani kabisa. Mtu mmoja akauliza, "Bungua gani huyu anayejua mpaka wa shamba?" Kila mtu akakumbuka kwamba Damiani na baba yako waliwahi kugombania mfereji ule.

Lakini kwanza nimalize la Mizani, maana hilo silionei haya. Alikuja wakati wa maua, akakuta kuni.

"Mwalimu, maua yangu yako wapi?"

"Yamekufa."

"Na deni langu?"

"Hilo halijafa. Ila halitazaa tena. Kaa tuandike."

Akamtazama baba yako. "Mimi nazungumza na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye anayezungumza nawe," nikasema. Baba yako alikuwa ameinamia chini, hakunikatiza.

Tulikubaliana atalipwa kwa maharage, mavuno mawili, basi. Bonde lote tuligeuza ngolo. Baba yako alifyeka nyasi na kuzipanga miraba, mimi na ninyi watoto tulichimba katikati na kuzifukia nyasi kwa udongo. Wewe ulitoka malengelenge ukayaficha, nikayaona. Ijumaa baada ya vipindi nilishuka ziwani kwa mjomba wako, Jumamosi nikapanda na usipa wakavu kichwani, nikawauza kwa kopo gulioni Mkumbi. Mwalimu mzima, na harufu ya samaki mpaka kwenye chaki. Wakasema sana. Siku ya gunia la mwisho nilimpa Mizani karatasi aandike kwamba deni limekwisha, kisha nikamwambia aisome kwa sauti mbele yenu watatu. Aliisoma. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu mgumu." Nikamwambia asante.

Kwa hiyo mibuni siiombei msamaha. Siiombei kwa baba yako, wala kwa babu yako aliyeipanda, wala kwa halmashauri. Wakitaka faini waifuate Tanga. Mlisoma wote watatu, na baba yenu alipokufa kwa kifua, miaka sita baadaye, hakuna mtu aliyekuja matangani na daftari. Ningezaliwa mara ya pili ningekinoa kisu kile vizuri zaidi.

Ninachokiungama ni kingine.

Unajua sengu ya kwenu, wanaume wa ukoo wakila pamoja uwanjani kwa Baba Mkubwa Oswini, kila nyumba ikipeleka chakula chake. Baada ya neno lile la mpaka, bakuli la Kolumba, mke wa Damiani, lilianza kurudi kama lilivyokwenda. Hakuna aliyemtukana Damiani, hakuna aliyempiga. Hawakula tu chakula chake. Mwishoni akaacha kwenda, akawa anakula peke yake kibarazani kwake, mtu mzima, uso ameuelekeza ukutani. Mimi nilipita njia ile kila siku kwenda shule. Nilimsalimia, "Shemeji, hujambo," akaitikia, nikaenda kufundisha watoto ukweli wa sayansi.

Deni lilipokuwa bado lipo nilijiambia kwamba nikisema nitafukuzwa nirudi ziwani bila ninyi, na Mizani atachukua nyumba. Labda ingekuwa hivyo. Lakini deni liliisha, Gaudensi, na bado sikusema. Hapo sikuwa na sababu tena. Nilikuwa nimezoea. Padri nilimwungamia, akanipa sala, nikazisali zote. Lakini Damiani hakuwapo pale kwenye maungamo.

Na lipo moja ambalo hata padri sikumwambia. Mwaka ule nililala na malaria. Kolumba alisikia, akajua nimekumbuka chakula cha kwetu, akaniletea ugali na usipa wa nyanya katika bakuli lake la bluu, lile lenye pengo ukingoni. Baba yako alikuwa amekaa mlangoni. Nilikuwa na njaa, na harufu ile nilikuwa naijua tangu tumboni mwa mama yangu. Nikasema, "Rudisheni." Wewe ndiye uliyelibeba kulirudisha. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, ulinitii.

Kwa hiyo uji ulipomwagwa juzi, aliyeumwaga si wewe peke yako. Uliyafanya niliyokufundisha, na uliyafanya vizuri, kama ulivyokuwa siku zote kwenye masomo yangu.

Umeniuliza pia kama uchukue fedha kwa mnunuzi huyu mpya, akukopeshe juu ya maua ya kahawa uliyoipanda upya, ili umalize deni la hospitali. Usiuze ua. Una mke mwenye mikono na wewe una mgongo, na ngolo zangu bado zipo bondeni chini ya magugu. Nenda hospitali, waambie utalipa kwa maharage yakiuzwa, waandike, wasaini. Hamtakufa. Sisi hatukufa. Ukiona kahawa ndiyo inayokunyonga, ing'oe. Lakini ing'oe mchana watu wakitazama, mmekubaliana wewe na Theopista, na atakayeuliza umwambie ni mimi. Hicho ndicho nilichokosea.

Nisalimie Theopista, mwambie simlaumu, alitii kama ulivyotii wewe. Bonifasi akija likizo kutoka chuoni asomewe barua hii, asifichwe. Msalimie Baba Mkubwa Oswini, mzee wa sengu, na umwambie Mnyasa alijua mbuni. Msalimie katekista wetu, na yule mama anayeuza vitumbua mbele ya shule, kama bado yu hai.

Barua hii iko mikononi mwa Sista. Ameahidi kukukabidhi wewe mwenyewe, na hajui kilichomo. Ukishaisoma, ulitafute lile bakuli ulilolirusha. Lazima ni lile lile la bluu, Kolumba si mtu wa kununua vyombo. Lioshe wewe, asilioshe mkeo. Lipeleke kwa Baba Mdogo na Mama Mdogo mchana, kwa njia ya mbele, na uwasomee karatasi hii yote bila kuruka, hata pale ninapojisifu. Wakitaka kubaki nayo waachie. Usiniombee radhi, yangu nimeiandika hapa kwa mkono wangu. Wewe omba ya kwako.

Wakikufukuza, rudi kesho yake. Wakikukaribisha, Kolumba atapika, namjua. Kwa hiyo siku hiyo usile kitu nyumbani asubuhi. Nenda na njaa, mwanangu. Kula mpaka chini ya bakuli paonekane, na mpaka Damiani akuone umemaliza.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu Agnesta, Mnyasa wa Maguu