Kofia ya Manyoya ya Mbuni

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika na barua, marahaba. Bibi yako kifua kimeachia, tena ameanza kugombana na majirani, basi ujue ni mzima.

Umeniuliza wakubwa wa majeshi hutafuta nini vitani. Wengine siwajui. Najijua mimi.

Enzi za Mwingereza, hapa Kariakoo, tulicheza ngoma ya beni, na kila kundi lilikuwa na vyeo vya kijeshi. Mimi nilikuwa jenerali. Siku moja niliwaambia wenzangu kwamba beni ya Ilala imetutukana, nikawatuma na fimbo. Mwenyewe nilibaki nyuma. Suti yangu nyeupe ilikuwa imetoka kupigwa pasi.

Mpiga ngoma wetu Salumu, aliyerudi mzima kutoka vita vya Mjerumani, siku hiyo alirudi jicho moja halioni.

Akaniuliza, "Jenerali, kwani walitutukana nini?"

Nikamwambia, "Pole, ndugu yangu. Ni mambo ya heshima."

Hakuna aliyetutukana, Zuhura. Jenerali wao alivaa kofia ya manyoya ya mbuni, watu wakamtazama yeye.

Mpaka anakufa Salumu aliniita Jenerali, na mimi niliitika.

Babu yako