Waya wa Banda la Kuku

Mama Kidawa,

Usikiondoe kinu kwenye mlango wa banda la kuku. Ule waya wako nimeuchukua, narudi nao baharini. Chai ipo kwenye chupa.

Jana ulisema waya wa kuvulia nguru haupigwi fundo kama nailoni, unasokotwa. Nikakucheka: "Waya si nywele, msusi wewe, kasuke wateja wako." Haya. Leo alfajiri nguru wa kimo cha Kidawa kadaka chambo, navuta, fundo likafunguka. Kaenda na waya, kaenda na ndoana. ~~Waya ulikuwa mbovu.~~ Fundo lilikuwa langu.

Nimerudi, nikautazama mlango wako wa banda. Mizunguko saba, imebana kama nywele za twende kilioni za mtoto wa shule! Kicheche kahangaika nao wiki nzima, kaondoka na njaa yake. Basi nimeukata na msuko wako hivyo hivyo. Upande wa pili, wa ndoana, nimeiga mwenyewe.

Nikirudi unifundishe, lakini ndani, Shamte jirani asione.

Na nguru akitoroka tena, usiulize: ni upande wangu.

Mwanafunzi wako,
Baba Kidawa