Kiwiko cha Ukoo Wetu

Mpwa wangu shujaa,

Huku wote wazima, na mimi bado nainua injini ya lori kabla ya chai. Lakini nina hasira, hata redio nimeibamiza ukutani. Ule uzito uliubeba juu ya kichwa ukatulia kama nguzo, halafu waamuzi wakawasha taa nyekundu, eti kiwiko hakikunyooka! Sisi tumezaliwa na viwiko vilivyopinda! Kiongozi wa timu alitakiwa kuwaambia mapema, yeye akaenda kununua viatu. Medali ikapotea hivyo.

Sasa mama yako anasema unataka kuacha. Thubutu! Mashindano yajayo nenda kwa waamuzi mwenyewe, uwaonyeshe huo mkono. Ukiacha, yule mpenda viatu atalala usingizi mnono.

Mimi mjomba wako, bado nafoka.