Volti Ishirini na Nne Hazitoshi

Kaka yangu mpendwa,

"Mota ya volti ishirini na nne ikipewa volti ishirini na nne ikashindwa kuzunguka, mwenye kosa ni aliyeisuka." Ndivyo ulivyoandika katika barua ya kumwondoa Bi Nyuzi, fundi wenu wa kusuka mota, na wenzako wawili wa kamati ya ukaguzi wakatia sahihi chini yako. Nitakuonyesha kwamba sentensi hiyo ni upuuzi, lakini adabu kwanza. Shikamoo. Naamini goti limepata nafuu na shemeji mafua yamemwachia. Mimi ni mzima, ila hasira imenikaa kooni tangu Jumatatu. Kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, nitajitahidi kuimeza. Kufaulu sikuahidi.

Nilipita karakana ukiwa mkutanoni, kwa kuitwa na Bi Nyuzi mwenyewe. Nilimkuta akipanga koleo zake, miwani na kitambaa cha kufutia mikono ndani ya ndoo. Miaka kumi na tisa ya kusuka mota za viti vya magurudumu, na yote imeenea ndoo moja. Alisema anajua Ijumaa anahamishiwa stoo kupanga skrubu, na huruma ya mtu haitaki. Anataka aonyeshwe waya alioukosea, maana mota moja ameifungua mara mbili na hakuuona.

Nikamwomba mpimaji wenu mpya anionyeshe anavyopima. Ni mtu makini, sina neno naye. Alifuata kadi ya vipimo mstari kwa mstari: akafunga mota mezani, akaweka pawa saplai, kile kifaa cha kuilisha umeme, kwenye volti ishirini na nne, akabonyeza. Mota ikashtuka, ikanyamaza. Ikashtuka tena, ikanyamaza, kama mtu mwenye kwikwi. Kadi inasema mota ipewe nafasi tatu, ikishindwa ibandikwe kibandiko chekundu. Baada ya nafasi ya tatu aliniuliza kwa upole kama nami nauona ugonjwa.

Nikamwambia, "Nauona, ila mgonjwa siye huyo uliyemlaza mezani."

Tukachukua betri mbili za kiti, tukaziunga zitoe volti zilezile ishirini na nne, tukaweka fyuzi na amita ya kupimia ampea katikati. Mota ileile ikaondoka bila kusita. Sindano ya amita iliruka karibu na ampea thelathini, kufumba na kufumbua ikashuka hadi tatu, ikatulia. Bi Nyuzi aliweka ndoo chini. Kati ya mota sita zenye vibandiko vyekundu, tano zilizunguka vizuri. Ya sita ni mbovu kweli: brashi yake ya kupitishia umeme imekwama. Hata hiyo si kazi ya waya.

Sasa nisikilize, maana wewe ukishika jambo huliachi hata likikuunguza. Kibati cha mota kinasema ampea nne. Hizo ni za mota inayokwenda. Ikiwa imesimama, inadai mara saba ya hizo kwa kitambo kifupi ndipo iondoke. Pawa saplai yenu mwisho wake ni ampea tano. Ikidaiwa thelathini inajikata isiungue, inajaribu tena, inajikata tena. Volti mnazoziona kwenye kioo ni za kabla mota haijaomba kitu. Humshiki mpagazi mkanda kwa nyuma halafu ukatangaza kwamba gunia limemshinda.

Utanijibu kwamba kifaa hichohicho kimepima mamia ya mota bila kwikwi. Mpimaji wenu naye aliniuliza hivyo. Nikajifanya nakoroga chai.

Kaka, kifaa kile nilikichagua mimi. Ulitaka chepesi kuliko lile dubwana la zamani, nami nikasoma kibati, nikaona nne, nikaagiza cha tano na kujiona mkarimu. Wiki ya kwanza tu kwikwi zikaanza. Badala ya kukwambia nimekosea, nikawa naisukuma mota kidogo kwa kidole gumba kwenye ncha ya nyuma kabla ya kubonyeza, nayo inaondoka. Miaka saba niliyokuwa mpimaji wenu nilifanya hivyo. Ile kadi niliiandika mimi, na kidole sikukitaja, kwa sababu ningelazimika kueleza ni cha nini. Nilipohamia kufundisha chuoni niliwaachia kadi, nikaondoka na kidole gumba changu. Na miaka yote hiyo nimekucheka mbele ya watu kwamba husomi.

Nicheke sasa, ni zamu yako. Lakini cheka baada ya kutengeneza. Tafuteni pawa saplai ya ampea arobaini, yenye kikomo mnachoweza kukiweka wenyewe, mpandishe volti polepole kutoka sifuri, na fyuzi isikosekane. Kadi mpya nitaiandika mimi, safari hii yote.

Shemeji mpe salamu zangu, na wanao wote, hasa yule wa mwisho anayenishinda kwa maneno.

Na ninyi watatu mliotia sahihi, wewe kaka na wenzako wawili: kabla ya Ijumaa nendeni kwenye meza ya Bi Nyuzi, mbandue vibandiko kwa mikono yenu wenyewe, mumwombe radhi, kisha mumsomee barua hii kwa sauti. Msiruke aya inayonihusu.

Mdogo wako,
Mbishi