Mashine Mpya ya Gololi

Jumanne

Bado siiamini ile mashine ya kuchezea gololi. Muuzaji ameileta leo hapa kwenye baa yetu Nyegezi, kando ya ziwa, akaapa kuwa ni mpya, imetoka Ulaya juzi tu na haijawahi kuwashwa popote.

"Mama Koku, mwaka mzima hutahitaji fundi," akasema. Nikamwuliza vipuri tutavitoa wapi, wakati hata sabuni hatuioni madukani. Akacheka. Mume wangu naye akacheka, kwa kuwa ameshamwahidi kubadilishana na friji yetu.

Nikaomba aondoe kioo nifute ndani. Kuzunguka taa zake nikakuta vijidudu vya ziwani vimekauka, vile vinavyotuvamia kila tukiwasha taa.

Mume wangu anasema ni vumbi. Sawa. Lakini vumbi hili lina mabawa, na friji haitoki.